Shangazi Anajibu: Ubuyu wa Manyoni, maji ya Tandale

Barua kadhaa za mwezi huu zinazungumzia matunda ya porini, na karibu zote zimetoka mitaa yetu ya uswahilini hapa Dar es Salaam. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu barua ya namna hii nimeisubiri miaka mingi.

*

*Shikamoo Shangazi. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. Tumepanga chumba kimoja Tandale, nyumba ina wapangaji sita na choo kimoja. Kliniki wameniambia uzito wake umepungua, umeingia kwenye rangi ya kijivu ya kadi, na damu imepungua kidogo, wakampa dawa ya kuongeza damu. Mama mkwe amekuja kutoka Manyoni na nusu gunia la ubuyu na furushi la ukwaju. Anasema nimpe mtoto kila siku, ndivyo alivyowalea wanawe. Jirani ananicheka, anasema ubuyu ni wa kulamba watoto wa shule, nikanunue maziwa ya kopo. Mume wangu ni kibarua Kariakoo, kuna siku anarudi mikono mitupu. Nimsikilize nani?*
Mama wa Mtoto Mmoja, Tandale

Marahaba mwanangu. Msikilize mama mkwe wako. Halafu, kabla hujakoroga hata kijiko kimoja, nisikilize na mimi kuhusu maji.

Mimi nimezaliwa Manyoni. Gunia la ubuyu nalijua kwa harufu, ule uchachu mkavu unaojaza mate mdomoni kabla hujalifungua. Mwaka wa njaa, 1974, nilikuwa na miaka 12. Mama alitutuma kuokota mabuyu chini ya mbuyu uliokuwa nyuma ya zizi. Aliyapasua kwa jiwe, akatwanga polepole ili mbegu zisivunjike, akachekecha, na ule unga akaukoroga kwenye uji wa uwele uliokuwa mwepesi kama maji. Majani machanga ya mti huohuo yalikuwa mboga yetu. Mbegu zilikaangwa, magamba tukachotea maji. Nilipokuja kusoma lishe, miaka kumi baadaye, nilikaa darasani nikamkumbuka mama kila mwalimu alipoandika ubaoni, maana karibu yote alikuwa akiyafanya.

Sasa tuje kwa mtoto. Gramu 100 za chungwa zina vitamini C kama miligramu 50. Ubuyu mzuri uliotunzwa pakavu unaweza kufika 200 na kuzidi, ingawa hupungua kadiri unavyokaa ghalani. Una kalsiamu pia, inayojenga mifupa. Lakini sitaki udhani ubuyu ni dawa ya damu. Madini ya chuma yaliyomo ndani yake ni kidogo. Msaada wake uko kwingine: chuma kilicho kwenye maharage, mchicha na matembele mwili hukichukua kwa shida, ila kikikutana na vitamini C katika mlo uleule, hukichukua kwa wingi zaidi. Chai hufanya kinyume chake, hukizuia. Kwa hiyo mtoto akila ugali laini na maharage, mpe na maji ya ubuyu kidogo, na ile chai ya rangi mnayomnywesha asubuhi iacheni kabisa. Dawa aliyopewa kliniki aimalize kama alivyoandikiwa, na siku ya kurudi usiikose, maana damu hupungua pia kwa malaria na kwa minyoo, na hayo ubuyu hauyawezi.

Namna ya kumtengenezea ni hii. Twanga, chekecha, weka unga kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, maana ukipata unyevu huota ukungu, na ukiona ukungu mwaga wote. Pika uji wa lishe kama kawaida, utie karanga zilizosagwa laini au unga wa dagaa. Epua. Uache hadi uwe vuguvugu wa kunyweka, ndipo ukoroge kijiko kimoja cha chai cha ubuyu katika kikombe. Usiuchemshe, moto huua vitamini C. Na usimzidishie kwa kuwa umepewa bure: ubuyu una nyuzinyuzi nyingi, na tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa ubuyu, karanga na dagaa wenye nguvu watakosa pa kukaa. Kama bado ananyonya, aendelee mpaka atimize miaka miwili.

Ule ukwaju wa kwenye furushi ni habari nyingine. Bibi zetu walitofautisha: ubuyu hushika tumbo, ukwaju hulegeza. Nimewaona akina mama wa mjini wanaochanganya haya mawili, mtoto anaharisha, anapewa juisi ya ukwaju, hali inazidi. Wewe ukwaju utie kwenye mchuzi wa samaki, mle wakubwa. Mtoto akiharisha mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya, aendelee kunyonya na kula.

Na jirani yako mwambie kwa upole kwamba tangu 2008 Umoja wa Ulaya umeruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao kama chakula, na huko wanaununua kwa bei ambayo mimi na yeye hatuwezi kuilipa. Hela ya kopo la maziwa nunueni dagaa, karanga, na yai moja moja mkipata. Tena maziwa ya kopo yangekorogwa kwa maji gani? Ni yaleyale ya dumu.

Hapo ndipo ninapopata uzito moyoni.

Miaka yangu ya kazi niliipitisha kwenye kliniki za mama na mtoto katika mitaa kama wako. Nilipima watoto, nikawafundisha mama zao uji, na wengine walifuata kila nililosema. Wakirudi mwezi unaofuata, mstari wa kwenye kadi umelala palepale. Nilidhani hawakupika. Siku moja nikamfuata mama mmoja nyumbani kwake. Uji ulikuwa mzuri kuliko niliomfundisha. Lakini mtoto alikuwa akitambaa kwenye uchochoro ambao maji ya choo yalipita, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku na jirani alikuwa ametapisha choo. Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi kila siku, hata asipoharisha, utumbo wake huvimba ndani na kushindwa kunyonya chakula. Unaingiza uji, mwili unapata nusu. Yule mama hakuwa na kosa lolote, na mimi kwa miezi mitatu nilikuwa nikimkemea. Nilimwomba radhi palepale uchochoroni, na bado naona haikutosha.

Kwa hiyo ubuyu wa mama mkwe una thamani ukikutana na maji salama. Najua mkaa ni ghali, na kuchemsha dumu zima kila siku ni mzigo. Basi chemsha ya mtoto peke yake, lita mbili zinamtosha kwa siku. Siku mkaa ukikosekana, tumia jua: chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isizidi lita mbili, ioshe, jaza maji maangavu, ilaze juu ya bati kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku mbili. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, na yasipoangaza chemsha tu. Vidonge vya klorini pia vipo madukani.

Kisha tengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono nje ya mlango wa choo. Dumu la lita tano, tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kwenye soksi. Jina lake linatokana na kile kibuyu cha bibi zetu. Mama mkwe wako atalijua haraka kuliko wewe, mwachie yeye awafundishe wapangaji wenzako.

Choo cha nyumba nzima hukiwezi peke yako. Wapangaji sita mkikaa kikao kimoja mtaweza kumkabili mwenye nyumba, na kama shimo limejaa, mweleze mbele ya mjumbe wenu kwamba linyonywe kabla ya masika. Wewe usiogope kuwa wa kwanza kusema. Mlete mtoto barazani, waone ni nani mnayemsemea.

*

*Mambo Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, nauza barafu za ubuyu na ukwaju karibu na shule huku Manzese. Moja Sh100. Juzi mwalimu mmoja amenifukuza, anasema naleta kipindupindu. Nilimjibu barafu haiwezi kuwa na vijidudu kwa sababu inaganda. Je, nilikosea? Hii ndiyo kazi inayonilipia chumba.*
Binti wa Barafu, Manzese

Marahaba mwanangu. Ulikosea, nami nakwambia kwa kukupenda. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Vinalala tu. Mtoto akiinyonya barafu vinaamka tumboni. Wewe una miaka 22, basi Agosti 2015 ulikuwa mtoto, huenda hukumbuki kipindupindu kilivyoanzia Kinondoni kikasambaa nchi nzima. Mimi nakumbuka vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Mwalimu naye angeweza kukuita pembeni akakueleza, lakini hofu yake ni ya kweli.

Kazi yako usiiache. Ubuyu na ukwaju ni bora kwa mtoto kuliko zile juisi za unga wa rangi, na nataka uuze zaidi ya sasa. Chemsha maji yote mpaka yatokote, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha loweka ubuyu humo. Ubuyu wenyewe usiuchemshe. Ukwaju loweka kwenye ndoo ya plastiki safi au sufuria la chuma kisichoshika kutu, siyo sufuria la alumini, kwa kuwa uchachu huila alumini ikaingia kwenye juisi. Chuja kwa chujio, si kwa kanga uliyoivaa. Na ile tabia ya kufungua vifuko kwa kupuliza mdomo iishe leo. Nimeiona kila mahali, inaniumiza. Lowesha vidole kwa maji yaliyochemshwa, sugua, kifuko kitafunguka.

Rangi nyekundu ya nini? Ubuyu halisi ni mweupe unaoelekea kwenye manjano. Wale wa Zanzibar wanaoupika na sukari, iliki na pilipili manga hutia rangi kwa sababu ni peremende, na ni tamu, sikatai. Barafu haiihitaji. Msimu wa mabungo ukifika, tafuta wanaoyaleta kutoka Kisarawe. Juisi ya mabungo ina rangi yake nzuri ya machungwa iliyotoka kwa Mungu, na Dar nzima inaipenda.

Ukishafanya haya, mfuate mwalimu, mwalike aje aone unavyochemsha.

*

*Shangazi, toleo lililopita uliandika kwamba matonga ni matunda ya kumpa mtoto bila wasiwasi. Sisi Tabora tulikatazwa na wazee kutafuna mbegu zake. Rekebisha.*
Msomaji, Tabora

Asante sana, na wazee wako walikuwa sahihi. Nyama ya tonga lililoiva, ile ya manjano inayozunguka mbegu, ni tamu na haina neno. Mbegu hazitafunwi, na bichi haliliwi kabisa. Mtonga ni wa ukoo mmoja na miti inayotoa sumu kali ya strikinini. Mtoto mdogo asiyejua kutema asipewe kabisa. Nimeandika kwa haraka jambo ambalo mama yangu alinifundisha kwa makini, na naomba radhi kwa wasomaji wote.

*

*Salaam dada. Naishi Vingunguti, karibu na bonde la Msimbazi. Watoto wangu wakitoka shule wanashinda kule mtoni, wanaangua zambarau na mapera, wanaokota hata yaliyoanguka. Nimewachapa, hawaachi. Mke wangu anasema waache, ndiyo matunda pekee wanayokula. Naomba ushauri.*
Baba wa Watano, Vingunguti

Salaam kaka. Mkeo amesema neno zito: ndiyo matunda pekee wanayokula. Usiwachape kwa kutafuta matunda. Mtoto anayetafuta zambarau ana akili ya mwili wake.

Tenganisha mambo. Zambarau iliyo juu mtini, ikaoshwa kwa maji salama, mimi ningeila. Iliyoanguka kwenye tope la Msimbazi siigusi. Mto ule hupokea maji ya viwanda, ya machinjio na ya vyoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mboga za kando ya mto Sinza na Msimbazi, wakachapisha matokeo 1999, na walikuta humo madini mazito kama risasi. Risasi haioshwi kwa maji wala haiishi kwa kuchemsha, na huharibu akili ya mtoto polepole. Kwa hiyo kinachonitia hofu zaidi ya matunda ni mchicha unaokatwa kando ya mto, na yale maji yenyewe wanayochezea.

Wawekee sheria mbili tu watakazoweza kuzikumbuka: tunaangua, hatuokoti. Na mvua ikiwa imenyesha, hakuna kwenda bondeni. Desemba 2011 maji yalipanda usiku, watu wakakaa juu ya mapaa, wengine hawakuonekana tena, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Wanao hawakuwepo au walikuwa wachanga. Wasimulie.

Na Jumamosi moja, ukipata nauli, wapeleke sokoni kwa wauza matunda ya msimu. Fungu la kunazi au la furu bei yake ni ndogo. Wape wachague wenyewe.

*

*Shikamoo Shangazi. Nasoma kidato cha pili, nakaa Mburahati. Mwalimu wa jiografia alisema sisi tunaishi slum, darasa likacheka. Nilitaka kulia. Bibi yangu amenituliza kwa kunipa kunazi na kunisimulia jinsi Dar ilivyokuwa pori la matunda. Slum ni nini hasa? Na anayosema bibi ni kweli?*
Mwanafunzi, Mburahati

Marahaba mjukuu wangu. Nikianza na bibi: ni kweli. Soma ramani ya jiji lako. Mikocheni ni mahali pa mikoche, ile mitende ya mwitu yenye matunda magumu ya kahawia tuliyoyaguguna. Mkwajuni palikuwa na mkwaju. Mabibo ni yale mabibo ya mkorosho. Mbuyuni zipo zaidi ya moja. Miti imekatwa, majina yamebaki kwenye vibao vya daladala. Hata ukwaju, ambao Waarabu waliuita tende ya Kihindi na wataalamu wakaupa jina la kisayansi la India, asili yake ni Afrika. Na kunazi uliyokula, majani ya mti wake ndiyo Waislamu wa pwani wanayotia kwenye maji ya kuoshea maiti. Mwulize bibi, atakueleza mengi kuliko mimi.

Sasa lile neno. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake yako Nairobi, huangalia mambo matano katika kaya: maji salama, choo kinachofaa, nafasi ya kutosha yaani wasizidi watu watatu kwa chumba, nyumba imara, na hakika ya kutofukuzwa ulipo. Kaya ikikosa hata moja, huhesabiwa humo. Angalia tena hiyo orodha, mjukuu wangu. Hakuna mahali palipoandikwa tabia ya watu, wala akili zao, wala usafi wa mioyo yao. Ni orodha ya vitu walivyokosa, na vingi kati yake ni vya mamlaka na wenye nyumba kuvileta. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na zaidi ya nusu ya wakazi wake wanaishi kwenye mitaa iliyojengwa bila kupimwa. Waliocheka darasani, wengi wao walirudi nyumbani kulekule.

Mimi nimeishi Manzese tangu 1984. Nimezikwa na majirani mara nyingi nikiwa hai, maana yake kila nilipofiwa walibeba msiba wangu hadi mwisho, wakapika, wakalala mkekani. Hilo halimo kwenye ile orodha ya mambo matano. Lakini pia sitakudanganya kwamba upendo wa majirani unatosha. Choo kinatakiwa. Maji yanatakiwa. Karatasi ya ardhi inatakiwa: Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka leseni ya makazi kwa mitaa kama yetu, mwulize bibi kama anayo ya nyumba yenu, na kama hana, mwende naye ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize utaratibu.

Nina ombi kwako. Chukua daftari. Mwandikie bibi kila tunda la porini analolikumbuka, kwa jina analolijua yeye, lilikuwa linaota mtaa gani wa leo, liliiva mwezi gani, na lilitumikaje: chakula, dawa, au kuoshea vyombo. Ukijaza kurasa tatu nitumie. Nitazichapa hapa toleo lijalo, kwa jina lako na la bibi kama mtaniruhusu, na umpelekee nakala mwalimu wako wa jiografia.